Upande wa Kulia wa Golikipa

Nilikuwa na miaka hamsini na moja nilipoanza kucheza beki wa kulia, na nilicheza nikiwa nimekaa, nimefunga mkanda, ndani ya gari la kubebea wagonjwa. Golikipa niliyekuwa nikimlinda alikuwa dereva wangu: Mbrazili wa miaka sitini na mbili, mrefu, viganja vipana kama sinia, aliyestaafu mpira zamani akaishia huku Minnesota kwenye baridi kama sisi wengine. Sikuomba kazi hiyo ya ubeki. Ilinijia kidogo kidogo, na ningekuwa na akili ningeikataa siku ya kwanza.

Kazi tuliyoandikwa ilikuwa nyingine. Kampuni ndogo ilitupa gari refu lenye lifti nyuma, na orodha ya wagonjwa wasioweza kujipeleka hospitali. Yeye aendeshe, mimi niwe msaidizi: nibishe hodi, niwavalishe makoti, niwashike mkono kwenye barafu, niwafunge mikanda. Tulizunguka Golden Valley, Plymouth na Eagan tangu asubuhi mpaka saa kumi jioni. Msimamizi wetu, mama mmoja wa Kimarekani mwenye sauti ya upole, alituoanisha sisi wawili kwa sababu alisikia wote ni watu wa mpira. Mimi mpira niliuchezea Kisauni, pekupeku, na niliuacha kabla ndevu hazijaota. Lakini ndiyo hivyo, ukishatoka Afrika huku wanakupangia wenyewe unachokipenda.

Nikwambie kweli, miezi miwili ya kwanza sikumpenda. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na yule bwana alinipa sababu kila siku. Kwanza, alikuwa hagusi kiti cha magurudumu. Hata mgonjwa awe mzito vipi, hata mimi niwe nateleza kwenye barafu na kiti chenyewe, yeye atafungua mlango, atateremsha lifti, kisha atageuka kutazama upande mwingine mpaka nimalize. Nikasema moyoni, huyu ni mvivu wa kimataifa. Halafu njia zake. Mahali pa dakika kumi anakupeleka ishirini, anazunguka mitaa ya ndani, anaikwepa barabara kuu ambako magari huingia kutoka kulia. Na kabla ya kupinda kona aligeuza kichwa kizima, mpaka kidevu kiguse bega. Nilikuwa nikisonya, naye akitabasamu.

Kilichonishinda kumchukia ni hadithi zake. Tukishamshusha mgonjwa tulingoja kwenye maegesho, injini inaunguruma ili tupate joto, naye akinisimulia maisha yake ya golini kwa Kiingereza chake cha kuokoteza. Kwamba alianza kama mshambuliaji, akawekwa golini siku moja kwa kuwa kipa wa timu ana surua, na hakutoka tena. Kwamba klabu yake ya kwanza ilikuwa ya mji wa machimbo, uwanja hauna hata unyasi mmoja, akidaka mpira wa chini anachubuka nyonga, analala kifudifudi wiki nzima. Kwamba alipata msimu mmoja ligi kuu, akazuia penalti mbili katika mechi moja, na watu wasiomjua wakamwimbia. Vidole vyake vilikuwa vimepinda kila kimoja na upande wake, naye alivijua kimoja kimoja: hiki ni kona, hiki ni mlingoti, hiki ni kiatu cha fulani. Nilicheka sana ndani ya gari lile.

Lakini hadithi zilikuwa na shimo. Zilikwenda mpaka alipotimiza miaka ishirini na tisa, zikaruka, zikaanza tena Marekani, alipoletwa kucheza mpira wa ukumbini misimu miwili kabla magoti hayajamwangusha. Hapo katikati pana kama miaka mitano. Nikimwuliza, anatazama mlango wa hospitali na kusema mgonjwa wetu leo anachelewa.

Abiria wetu wa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi alikuwa bibi mmoja wa Lamu, mjane, aliyeishi na bintiye kwenye fleti huko Plymouth. Figo zake zilikuwa zimekufa zote mbili, na sisi ndio tuliompeleka Golden Valley kusafishwa damu. Mimi nilimwita Bi mkubwa, yeye akaniita baba. Dereva naye bibi akambandika jina la Mreno, kwa sababu alimsikia akizungumza Kireno kwenye simu, na akaniambia nimwangalie sana maana babu zake walishatusumbua pwani nzima. Alikuwa mchokozi, yule bibi, na harufu ya udi ilibaki kwenye kiti chake mpaka mchana.

Siku ya kwanza kabisa muuguzi alinivuta kando akanieleza jambo. Huyu asikose. Kuna kitu ndani ya tende, ndizi na nazi ambacho figo nzima hukitoa kwenye damu, zake hazikitoi, na kikizidi moyo unasimama. Hauumi kwanza wala hautoi onyo, unasimama tu. Akikosa siku moja, wiki hiyo yote ni hatari. Nikaogopa, na kuanzia hapo nikawa nampekua mkoba nikitafuta tende, naye akinitukana kwa upole wa Kilamu.

Mwezi wa pili theluji ilifunga mitaa ya ndani, tukalazimika kupita barabara kuu. Bi mkubwa alikuwa nyuma na tasbihi yake. Pale tunapotoka Plymouth, lori la kumwaga chumvi lilikuwa likiingia kutoka kulia, na sisi tunalifuata moja kwa moja utadhani halipo. Nilipiga ukelele. Hata sikumbuki nilisema nini. Alikanyaga breki kabla hajatazama, na hilo ndilo lililonishtua kuliko lori lenyewe, maana mtu yeyote angegeuza macho kwanza. Yeye alisimama kwa sauti yangu tu. Lori likapita mbele ya pua yetu, ndipo akageuza kichwa kizima kulitafuta.

Tulipomshusha Bi mkubwa, alizima injini, akaziweka funguo juu ya dashibodi. Nilikuwa nimeshaandaa maneno yangu makali, na yalikuwa mengi.

"Jicho la kulia halioni," akasema. "Tangu nina miaka ishirini na tisa."

Ilikuwa kiwiko, kwenye kona, mpira wa kawaida. Daktari wa timu aliambiwa limepona. Kwa miaka mitano iliyofuata alisimama golini na jicho moja, na aliyejua ni mtu mmoja tu, beki wake wa kulia. Walikuwa na utaratibu wao. Golikipa alisimama kiwiliwili kimeelekea kulia kidogo, ili jicho zima lifagie uwanja. Kona ikipigwa, aliushika mlingoti kwa mkono ili ajue alipo. Na kila adui alipotokea upande uliokufa, beki aliita neno moja, direita, yaani kulia. Kelele za golini ni nyingi, hakuna aliyeona ajabu. Namna alivyopita mtihani wa macho siku ya kuchukua leseni ya huku sikumwuliza, nisije nikajua. Aliniomba nisiseme ofisini. Hakuwa na mke tena, hakuwa na mtoto, gari lile ndilo lililokuwa likimtoa kitandani.

Sasa hapa ndipo ninapotaka nieleweke, ingawa sitaki kuonewa huruma. Kwetu mtu mzima akikufunulia aibu yake, unamsitiri. Nililelewa hivyo. Nilimwona baba yangu akijimwagia chai makusudi harusini, juu ya kanzu nyeupe mpya, kwa sababu mgeni aliyekaa karibu naye alikuwa amejimwagia na watu wameanza kumtazama. Hakuna aliyenifafanulia, nilitazama tu nikajua mtu mwema hufanya nini. Basi nikamwambia Mbrazili siri yake imefika pa kufika. Na kesho yake nikaanza kumwitia.

Alinifundisha kama mchezaji mpya. Nisimwambie kuna nini, hana haja ya kujua ni lori au mbwa. Niseme neno, na niliseme mapema. Kitu kikiwa mbali, mara moja. Kikiwa karibu, mara mbili. Nikinyamaza, maana yake njia ni nyeupe, kwa hiyo nisinyamaze kwa uzembe. Wallahi nilijifunza upesi, na aibu yangu kubwa ni kwamba nilifurahia. Baada ya miaka kumi na minne ya kuvuta vitanda na kufunga mikanda, kulikuwa na kazi ambayo mimi peke yangu ndiye niliyeiweza. Tulianza kupita barabara kuu. Tukawa tunafika mapema, msimamizi akatusifu.

Bi mkubwa aliuliza mara moja hilo neno ninaloimba njia nzima lina maana gani. Nikamwambia ni dua ya Kireno ya safari. Akasema ameshaona, maana dereva akiisikia anakuwa na heshima barabarani.

Ramadhani ikaingia. Kwenye kumi la mwisho, nina njaa na ulimi mkavu, tumekaa kwenye maegesho ya Golden Valley, nikamkamia: miaka ile mitano iliishaje. Nilidhani ataruka tena. Hakuruka.

Beki wake alikusanya kadi za njano, akafungiwa mechi moja. Golikipa hakumwambia kocha. Nusu ya pili ikaja krosi ndefu, akatoka kuifuata na goti mbele, kama wanavyofundishwa wote, na hapakuwa na wa kumwitia. Mshambuliaji alikuwa wa miaka kumi na tisa, alitokea kulia. Goti lilimpata shingoni. Hakusimama tena kwa miguu yake, si siku ile wala hadi leo. Golikipa hakwenda kumwona hata mara moja. Alivunja mkataba, akazunguka, akakubali kuja Marekani kwa kuwa ni mbali, na tangu siku hiyo hawezi kuweka mikono kwenye kiti cha magurudumu.

"Nilijua siku tatu kabla kwamba beki hatakuwepo," akaniambia. "Siku tatu. Ningeweza kusema naumwa mgongo. Niliona aibu kuliko nilivyoogopa."

Nilimtazama yule mzee, nikautazama mlango wa jengo ambamo Bi mkubwa alikuwa amelala na mipira ya mashine mkononi, nikaona kwa uwazi kabisa tunachokifanya. Nikamwambia lazima ofisi ijue, ama aseme yeye ama niseme mimi. Hakubisha. Aliniuliza lini. Na mimi, mjinga mimi, nikasema baada ya Idi, kwa sababu mtu humvunjii heshima mwenzio ndani ya mwezi mtukufu. Nilijifunika kwa dini ili nisifanye jambo zito lile siku ileile. Akashukuru. Aliniomba kitu kimoja tu: siku nisipokuja nimwambie mapema, siku nzima kabla, ili naye aombe ruhusa. Nikampa mkono.

Kwa Idi nilikuwa nimeomba likizo Ijumaa. Nilishahesabu, nilishawaambia watu, kanzu imepigwa pasi. Ijumaa si siku ya Bi mkubwa, kwa hiyo dereva angewabeba wagonjwa wachache wa karibu na msaidizi mwingine. Alhamisi jioni ukaanza ugomvi ule ule wa kila mwaka. Simu zinalia, hawa wanafuata mwezi wa Makka, hawa wanataka uonekane hapahapa, na hapahapa mawingu yameziba mbingu kutoka Saint Paul mpaka Kanada. Msikiti wetu ukasema mwezi haukuonekana, tutimize thelathini. Nusu ya jamaa zangu walisali Ijumaa. Mimi Ijumaa hiyo nilishinda nyumbani, kwenye likizo yangu, nimefunga, nimenuna. Sikukuu yangu ikawa Jumamosi, siku ya kazi.

Ningeweza kumwambia Mbrazili Ijumaa hiyohiyo. Nilikuwa na siku nzima. Lakini sikutaka kuomba ruhusa ya pili nikanyimwa, nikaona heri nidanganye asubuhi, na mwongo hatangazi mapema. Jumamosi alfajiri nikapiga simu ofisini, nikakohoa, nikasema nina homa. Wakasema pole, hawana wa kuziba nafasi, dereva ataenda peke yake, abiria wa asubuhi ni mmoja tu. Nikamwandikia ujumbe: leo siji, endesha polepole. Akanijibu kwa kidole gumba. Nikajiambia mitaa ya ndani theluji imeshayeyuka, njia anazijua, na beki wake mwingine huko Brazil alikosa mechi moja tu katika miaka mitano. Nilijiambia hayo nikijipaka manukato.

Simu niliiacha mfukoni mwa koti, imezimwa sauti, na koti nikalitupa kwenye rundo la makoti nyuma ya ukumbi tuliokodi. Tulisali, tukakumbatiana, tukanywa kahawa na halwa, tukapiga picha. Nilikumbatia hata wale waliosali jana yake. Ilikuwa Idi nzuri, nitakuwa mwongo nikisema nilikuwa na wasiwasi. Nilipolitoa koti, nilikuta amenipigia mara kumi na saba. Nikampigia, hakushika.

Yaliyotokea niliyajua baadaye, mengine kwa binti wa Bi mkubwa, mengine kwenye maelezo ambayo dereva aliyaandika ofisini. Alimchukua bibi kwa wakati, akamfunga mkanda mwenyewe. Mitaa ya ndani ilikuwa imefungwa upande mmoja, wanaziba mashimo, akarudishwa barabara kuu. Alipofika mahali lile lori lilipotukosa, aliweka gari kando, akawasha taa za hatari, na hakuweza kuendelea. Hakuweza pia kupiga ofisini, kwa sababu wangeuliza gari lina nini. Alinipigia mimi. Alikaa pale saa mbili na zaidi, magari yakipita upande asiouona, akinipigia mimi. Bi mkubwa hakujua Kiingereza. Alidhani wananingoja mimi niingie, akaendelea na tasbihi yake. Safari hii yule mzee alisimama kabla ya kumwumiza mtu, na mimi naomba hilo aandikiwe mahali.

Polisi mmoja alisimama kuuliza, na huyo ndiye aliyeita ofisi. Gari jingine lilipomfikisha bibi Golden Valley, kiti chake kilikuwa kimeshapewa mgonjwa wa zamu ya pili. Walimpa mambo mawili: aende hospitali kubwa akangoje kule dharura, au arudi Jumatatu asubuhi na mapema. Binti alimsihi kwa simu aende hospitali.

"Nirudisheni nyumbani," Bi mkubwa akamwambia. "Leo sikukuu, wajukuu wamevaa wananingoja."

Alirudishwa. Alikula pilau, akala biriani ya jirani, na wajukuu walimlisha tende kwa mikono yao kwa sababu hapakuwa na wa kumpekua. Nilikwenda kumpa mkono wa Idi jioni ile ile, akanipa sahani, akanitania kwamba Mreno alimpeleka matembezi. Muuguzi alikuwa ameniambia yote siku ile ya kwanza, na mimi nilikaa pale nikala, nikaona aibu kuuliza kama kasafishwa damu, nikaaga. Jumapili alasiri moyo wake ulisimama. Bintiye alikuwa jikoni, hakusikia chochote.

Tulimzika Jumatatu. Ardhi ya huku mwezi ule bado ngumu chini, walichimba kwa mashine. Mbrazili alikuja, akasimama mbali kwenye uzio na kofia mkononi, na hakuna aliyemkaribisha kwa kuwa hawakumjua ni nani. Mimi nilimjua. Sikwenda. Binti wa marehemu alinishika mkono mbele ya watu wote.

"Ungekuwepo wewe, mama asingechelewa," akasema. "Mungu akulipe kwa ulivyomtunza."

Alisema kwa kushukuru. Watu wakaitikia amina, nami nikaitikia.

Jumanne asubuhi msimamizi aliniita ofisini kwake. Mbele yake palikuwa na kurasa tatu za mwandiko mkubwa wa mkono, nikautambua. Alisema dereva ameacha kazi mwenyewe, ameeleza jicho lake, leseni yake, na mechi ya zamani ambayo yeye msimamizi hakuielewa vizuri. Ameandika pia, mistari miwili peke yake mwisho wa ukurasa, kwamba alimficha kila mtu na kwamba msaidizi wake hakuwa na habari. Akanisomea mistari hiyo polepole. Kisha akavua miwani, akaniomba radhi kwa kulazimika kuuliza, maana ni lazima ajaze fomu.

"Muda wote huo mmekaa kiti kwa kiti. Hukujua?"

Nikamwambia sikujua. Akasema pole sana, akaandika, akanipa orodha ya siku hiyo na jina la dereva mpya. Nafasi ya Jumanne asubuhi, Plymouth kwenda Golden Valley, ilikuwa imeshapewa mgonjwa mwingine.